Pindo

Septemba iliniachia dola mia mbili na arobaini
baada ya sare za shule, kola sitini na mbili nyeupe,
na vidole vinavyonuka mafuta ya cherehani.
Mia moja nikaipeleka likelemba, kwa Mama Mujinga.
Arobaini: kodi, unga wa bukari, viatu vya Kalenga.
Mia ikabaki mezani, imekunjwa,
inanitazama kama kitambaa cha mteja
asiyesema anataka nini.

Binamu yangu Ngosa alikuwa ameshanunua.
Zake zote, siku moja, sarafu moja,
ile yenye picha ya mbwa aliyetoa ulimi.
"Yaya Numbi, hii inapanda mpaka mwezini."
Ngosa anakaa Katuba;
hata kuja kwetu Kamalondo
hupanda pikipiki kwa deni.

Mimi nimekulia katika nyumba ya sarafu moja.
Baba aliweka vyote katika Kampuni:
mapafu, Jumapili, jina letu.
Moshi wa bomba ulipokatika
hakuwa na hata tuta la lenga-lenga.
Ukutani kulining'inia msalaba wa shaba wa babu yake,
fedha ya zamani, nzito, iliyowahi kulipa mahari;
leo dukani haikupi kiberiti.
Baba aliutazama miezi yote ile isiyo na mshahara.
Sikusoma uchumi. Nilisoma ukuta.

Basi nikachukua chaki.
Hamsini, Bitikoini: kiwiliwili cha nguo.
Ishirini, Etha: mikono.
Ishirini na tano, ile dola ya kwenye simu
inayoahidi kutopanda wala kushuka
(ahadi tu, nami nimeshawahi kuahidiwa):
hilo ni pindo,
kitambaa kinacholala ndani bila sifa
ili mwenye gauni akinenepa,
au akikonda kwa msiba,
mshono ufumuliwe, nguo isichanwe.
Tano za mwisho, haya, ile ya mbwa.
Kifungo cha kuchekesha.
Kikidondoka, shati halivuki mtaro peke yake.

Nilinunua Jumamosi kwa Jumamosi,
dola kumi, dola kumi,
sikumuuliza Ngosa kama leo ni bei nzuri.
Mteja wangu simpimi mara moja:
asubuhi ana tumbo jingine.

Februari transfoma ya mtaa ikafa.
Siku nne. Nikashona kwa kanyagio,
taa ya mafuta begani, simu imelala kama jiwe.
Ngosa aliichaji yake kwa franka mia tano kibandani,
akatazama namba zikiporomoka usiku kucha,
akauza alfajiri, analia, jogoo wakimcheka.
Umeme uliporudi nikaona sabini na moja.
Jumanne, wakasema, ilifika hamsini na nane.
Sikuwa jasiri. Sikuwa na moto tu.
Kifungo kilikuwa kimekwenda.
Nikafumua pindo kidogo, nikaongeza kiwiliwili.

Mpaka Pasaka mkono mmoja umerefuka kuliko mwingine.
Nikaukata. Uliniuma,
mkasi haupendi kitambaa kinachokua.
Nikarudisha ndani, pale pasipoonekana.

Leo ni dola mia na nane.
Ukitoa makato, mia na tatu.
Shati moja la mtoto, ukitaka kunicheka.

Lakini kuna maneno kumi na mawili
ambayo simu ilinipa siku ya kwanza,
maneno yasiyojuana, kama abiria wa mvua,
ikaonya: ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kulilia.
Sikuyaandika daftarini, wateja hupekua vipimo.
Nimeyadarizi kwa uzi wa buluu
ndani ya bitana ya koti la kazi la Baba.

Kila mwezi hulivaa, hufunga mpaka juu,
anakwenda kuuliza pensheni.
Dirisha la kwanza. La tatu. Rudi Alhamisi.
Anasimama kwenye mstari, mgongo umenyooka,
maneno yangu yamelala juu ya mapafu yake,
na hajui.